Wakati Uliopo Unatosha

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa kikundi cha maparachichi, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Anyosisye. Mvua. Viatu vyote mlangoni, soksi zote zimelowa. Nilikwenda kwa sababu ya chai. Nimerudi na lengo la maisha!

Habari yenyewe: Jumamosi anakuja mnunuzi kutoka ng'ambo, Bwana Hendrik. Atapita mashamba yetu hapa Kawetele, atawasikiliza wakulima, kisha ataamua kama atachukua matunda ya kikundi msimu huu. Akikataa, maparachichi yetu ni ya ng'ombe. Elina, mke wangu, alikaa mstari wa mbele kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Miti ni yake. Aliipanda mwaka ule niliposema parachichi ni mambo ya wanawake, nikaingia kwenye kuku wa kisasa. (Kuku wale sitaki kuwazungumzia.)

Tatizo ni Kiingereza. Winfrida, bibi shamba wetu, anakijua vizuri, lakini yuko semina Mbeya na hatarudi kabla ya Jumamosi mchana. Mgeni anafika asubuhi. Nani atatafsiri? Venance akanyoosha mkono. Venance! Alikuwa mtunza ghala kiwanda cha chai, na tangu astaafu hupita kijijini na kalamu mfukoni kana kwamba bado kuna kitu cha kusaini. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Mzee Anyosisye kaamua tupimwe Alhamisi. Njiani Elina akaniomba niache. Hakufoka. Akasema, baba Prisca, mambo mengine yote endelea nayo, hili moja usiliguse. Nikamwambia atanishukuru. Mkalimani hukaa kiti cha mbele kwenye gari la mgeni. Nimeshajiona nikipita pale senta, kioo kimeshushwa, nampungia Venance polepole.

Jumanne, 4 Machi

Nimekipata! Kitabu cha sarufi cha binti yetu Prisca, aliyeko chuoni. Kilikuwa darini nyuma ya gunia la mahindi. Panya wamekula kuanzia sura ya pili mpaka jalada la nyuma. Imebaki sura ya kwanza tu: wakati uliopo.

Nilikasirika kidogo. Kisha nikatafakari. Mtu mwenye jembe moja halimi? Analima! Wakati uliopo utanitosha.

Nimesoma tangu asubuhi mpaka ng'ombe akaanza kulalamika. Kigumu hapa ni herufi S. 'I pick', halafu 'he picks'. Kwa nini? Nimekaa na swali hilo jikoni mpaka jibu likaja lenyewe. Sisi mtu tunamtanguliza: a-nachuma. Mzungu anamweka mtu nyuma: pick-s. Hiyo S ni yule yule 'a' wetu, kapanda gari upande wa nyuma! Sidhani kama walimu wanajua hili.

Na kuna jambo jingine. 'The farmer picks', lakini 'the farmers pick'. Yaani S ni moja tu nyumbani, kama koti la ndugu wawili. Akilivaa mkulima, kitenzi kinatoka bila koti. Nimecheka peke yangu. Elina akauliza kama naumwa.

Kitabu kinasema wakati huu ni wa mambo ya mazoea, kama 'hu' yetu: mkulima huamka, jogoo huwika. Na kila mfano unamalizika kwa 'every day', kila siku. 'The farmer wakes up every day.' 'The cow gives milk every day.' Nimeng'amua siri. Ukiona sentensi imepooza, itie 'every day'. Ndiyo chumvi yao.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimeanza na ng'ombe. 'The cow eats grass every day.' Akanitazama, akaendelea kula. Sahihi kabisa.

Nikahamia kwa Elina, aliyekuwa anamenya ndizi. 'Elina cooks bananas every day!' Akataka tafsiri, nikampa. Akasema hilo analijua, na kama nimeanza kuliona basi nichote maji. Halafu akaniuliza swali la mtego: 'nilipika jana' inasemwaje? Sura ya jana iko tumboni mwa panya. Nikamwambia Waingereza ni watu wa kazi, hawahangaiki na yaliyopita. Akaniangalia kama anavyoangalia mawingu maharage yakiwa yameanikwa nje.

Akaomba nikafyeke majani chini ya miti, mgeni asikute pori. Nilikubali. Sikuweza kwenda. S ilinichukua jioni nzima.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI!

Mtihani ulifanyika sebuleni kwa Mzee Anyosisye mbele ya wanakikundi wote. Venance akaanza. Akasimama, akashika kalamu, akasema, 'Yes sir. No stock. Sign here. Bring back.' Tukasubiri. Akasema tena, 'No stock.' Akakaa.

Mimi nikasimama katikati ya chumba, karibu kabisa na taa. 'The chairman drinks tea every day. The farmers pick avocados every day. The cow gives milk every day. Venance sleeps in the factory every day.' Makofi! Mama mmoja akapiga kigelegele. Venance, aliyesikia jina lake, akataka kujua nimesema nini. Nikamjibu kwamba nimewaeleza jinsi alivyokuwa nguzo ya kiwanda. Akashukuru. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kumeza tonge moja.

Mzee Anyosisye akanishukuru kikwetu, 'Ndaga, mwanangu. Kasi ni yako.' Kazi, anamaanisha. Kwake Z na SH hugeuka S, na R hugeuka L. Kisha akatoa maelekezo. Kila mkulima atoe ushuhuda, kama kanisani: zamani alikosea nini shambani, na baada ya mafunzo ya bibi shamba amebadilikaje. Mgeni apate kuona kwamba tumeokoka. Venance akauliza kama mkalimani wetu anayamudu maneno ya zamani. Wivu! Nikamjibu kwamba kwa Kiingereza, mtu mstaarabu husema yote kwa wakati uliopo.

Ijumaa, 7 Machi

Venance atanivuruga kesho, naliona. Atakaa karibu, atakohoa, atasema 'no stock' mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo nimechukua hatua.

Nimempitia asubuhi na sura ya huzuni. Nikamwambia mwenyekiti anaomba aende Lupepo kesho alfajiri akamlaki mgeni, kwa kuwa yeye ndiye mwenye heshima ya kiwanda. Mgeni hapiti Lupepo. Mgeni anatokea Tukuyu mjini. Venance hakuuliza lolote. Alikwenda kupiga pasi suruali.

Elina kafyeka majani mwenyewe. Kaosha kreti zote, kaazima vikombe kwa jirani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hana wasiwasi, ana mume.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa shida. Nitaandika yote kwa utaratibu.

Tulisubiri, wanakikundi wote wamevaa nguo za Jumapili, mimi na tai. Muda ukapita. Hatimaye gari likatokea, lakini kwa barabara ya Lupepo! Dereva alipotea njia. Na aliyemwonyesha njia ni nani? Venance! Kiti cha mbele! Kioo kimeshushwa! Akanipungia polepole.

Nikajikaza. Kiti cha mbele kina mwisho, nikajiambia, Kiingereza hakina.

Bwana Hendrik ni mrefu, mwenye buti zenye matope, mtu wa kutabasamu. Alilitazama shamba la Elina akasema 'beautiful'. Hiyo naijua. Elina pia aliielewa, maana alishika mdomo. Tukakaa chini ya turubai, ushuhuda ukaanza.

Mzee Anyosisye akasimama. 'Samani nilikuwa naokota palachichi silisoanguka chini, nachanganya na sa mtini. Bibi samba akatufundisa, nikaacha.' Kila mtu akaitikia, amina.

Nikatafsiri kwa sauti ya mtu wa redio: 'The chairman picks avocados from the ground every day. He mixes every day.' Nikakumbuka lile la kuacha: 'He stops every day.'

Mgeni akaacha kutabasamu. Akauliza, 'He stops every day?' Nikathibitisha. Kila siku.

Akaja Venance. Yeye ushuhuda wake ulikuwa kwamba mwaka ule alipiga dawa ya kahawa kwenye maparachichi, kwa kutojua, na hajarudia tena. Nikaona nimtendee haki licha ya yote. 'Venance puts coffee medicine on avocados every day.' Mgeni akainama mbele. Akauliza, 'Still?' Hapo nikafikiri haraka. Steel ni chuma. Anauliza kuhusu pampu ya Venance! Na pampu ya Venance kweli ni ya chuma, ya kiwandani. Nikajibu kwa fahari, 'Yes sir. Steel. Very good steel.'

Akageuka kumtazama Venance. Venance, aliyedhani anasifiwa, akainamisha kichwa kwa adabu.

Mwisho akasimama Elina. Akasema zamani alikuwa anautikisa mti, matunda yanadondoka, yanapata majeraha, yanaoza kabla ya kufika popote. Sasa anakata moja moja na kuliachia kikonyo chake, kama mtu anayemnyoa mtoto. Alisema vizuri sana. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia akizungumza mbele za watu. Ile ya kikonyo na ya kunyoa haikuwamo kwenye sura ya kwanza. Nikachukua ile niliyoiweza: 'My wife shakes the tree every day.'

Mgeni akafunga kalamu yake. Akasema maneno machache ya upole, sikuyashika, akampa Elina mkono, akarudi kwenye gari. Chai hakuinywa. Gari likaondoka bila mimi.

Elina akabaki amesimama na birika. Akaniuliza, mgeni amesemaje? Nikasema amefurahi lakini ana haraka. Akaimimina ile chai chini ya mparachichi, kikombe kimoja kimoja, akaingia ndani. Iliniuma. Sitaficha.

Jumapili, 9 Machi

Kumbe mambo hayakuisha jana. Winfrida alifika kutoka Mbeya mchana ule, akatukuta tumekaa kama msibani. Akaniomba nirudie nilichosema. Nilipofika kwa pampu ya chuma, akajifunika uso na kitenge. Nikadhani analia. Hakuwa analia.

Akampigia Bwana Hendrik simu. Akaongea kirefu, kwa wakati uliopita tupu. Tukasikia mgeni anacheka humo ndani ya simu. Akakubali! Atachukua matunda ya kikundi. Ijumaa tuchume, Jumamosi asubuhi apige simu kuhakikisha mzigo upo, ndipo alilete lori kutoka mjini. Watu wakaimba. Elina alikaa chini kwenye nyasi, kanga usoni, mabega yanacheka. Sijamwona hivyo tangu Prisca azaliwe.

Kisha Winfrida akaeleza wanakikundi, neno kwa neno, nilivyotafsiri, na kwamba 'still' maana yake ni 'bado'. Haikuwa lazima.

Leo kanisani watoto wameniita 'Evride'. Mzee wa kanisa naye, wakati wa matangazo, akasema mazoezi ya kwaya ni Jumatano, si 'evride'. Kicheko mpaka madhabahuni. Venance kacheka kwa kalamu mdomoni.

Nimejitafakari kwa haki. Wenye makosa ni hawa: panya, dereva aliyepotea, na Winfrida aliyekwenda semina.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua kosa lilipo! Si mimi. Ni wakati uliopo wenyewe!

Ndio uliowafanya wazee wa watu waonekane wanaokota matunda mpaka leo. Wakati uliopo ni hatari, haufai kupewa mtu mzima. Wakati uliopita ndio salama. Jambo likishapita, nani atalilalamikia?

Nimemfuata Winfrida ofisini kwake, na mkungu wa ndizi. Kanipa kanuni: kitenzi unakitia 'ed' mkiani. Pick, picked. Pack, packed. Wait, waited. Na 'have' inakuwa 'had'. Akaonya kwamba yapo maneno yasiyofuata kanuni. Nikamwambia yatafuata. Akaonya pia kwamba kila wakati una mahali pake, na kwamba kitu kilichopo husemwa kwamba kipo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Hii ni nyepesi zaidi! Hakuna S, hakuna koti la ndugu wawili. Wote wanavaa 'ed', mmoja au mia. Nimempanga ng'ombe upya: 'The cow eated grass.' Naye hakupinga.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kuchuma. Kikundi kizima shambani tangu ukungu haujainuka. Elina alipita mti kwa mti na mkasi, kila tunda na kikonyo chake, akilipokea kwenye kiganja. Akiona mtu anavuta, anamkemea, hata Mzee Anyosisye. Kreti zimejaa, zimefunikwa majani ya migomba. Mimi nilibeba mbili, nikapumzika, nikabeba moja.

Elina kasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba mwaka huu akiuza ataezeka upya paa la jikoni na kumlipia Prisca mafunzo ya vitendo. Kasema pia, baba Prisca, umebeba kreti vizuri. Nikatamani kumfanyia jambo kubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelifanya!

Asubuhi kreti zote zilishushwa barabarani kwa mkokoteni. Kikundi kizima kikaenda kukaa nazo. Winfrida naye yuko huko bondeni, ambako simu yake haishiki mtandao. Kwa hiyo Bwana Hendrik amepewa namba ya Elina, na simu ya Elina imebaki hapa nyumbani kwenye chaji, maana huku juu ndiko kuna mtandao. Elina kaniachia maagizo: ikilia, kimbia uniletee, usipokee. Akafika kwenye geti, akarudi. Usipokee, akarudia.

Ikalia. Nikaitazama. Kukimbia mpaka bondeni, kwa utelezi huu, si ingekatika? Mgeni angetuonaje? Mtu mwenye nia haiachii nafasi ya kusafisha jina lake.

Nikapokea. Nikasimama kabisa, nikafunga kifungo cha shati.

Akauliza kama tuna maparachichi. 'Do you have' imo kwenye sura ya kwanza, niliielewa mara moja! Lakini sikunaswa tena na mtego ule. Nikajibu kwa wakati uliopita, laini kama siagi: 'Yes sir! We had avocados. Very good avocados.'

Akasema, 'Had?' Alishangaa, nadhani, nilivyoendelea kwa wiki moja. Nikammiminia: 'Had! We picked. We packed. We finished!' Yaani kazi tumeikamilisha.

Akauliza, 'All gone?' 'Gone' sikuijua. Lakini 'all' naijua, ni yote, na sitaki mtu adhani tumebakiza kreti hata moja. 'All, sir! All!'

Akasema sentensi ndefu, ya upole mno, ndani yake nikasikia jina la Masoko. Bila shaka anatulinganisha na wakulima wa Masoko na tumewashinda. Nikamshukuru: 'I thanked you.' Akakata.

Safari hii hakuna 'every day' hata moja!

Nimetoka nje nikawapungia walioko bondeni, nikainua dole gumba juu kabisa. Wamenielewa. Nimesikia nyimbo. Elina kasimama juu ya mkokoteni, kakinga macho kwa mkono, anaitazama barabara.

Sasa nimekaa kibarazani naandika hotuba ya kulipokea lori. 'We welcomed you. You loved our avocados.' Mvua imeanza. Wamezifunika kreti kwa turubai, wao wenyewe wamebaki kwenye mvua. Lori la buluu limetokea njia panda kutoka mjini, likapunguza mwendo, likashika barabara ya Masoko. Dereva wa mgeni lazima ni yule yule wa kupotea. Nadhani anatafuta pa kugeuzia.